Ilyushin za Simi-Simi

Hapa Kirumba, Kivu Kaskazini, hatuna uwanja wa ndege. Wa karibu ni Rughenda kule Butembo, kisha Mavivi nje ya Beni, na vijana waliofika huko wanazijua Antonov za mizigo, ndege za Kisovieti. Ndiyo sababu darasani wananiuliza: “Mwalimu, Warusi walishaka kuwa na kambi ya ndege Kongo?” Kambi yenyewe hasa, yenye mabanda na bendera, hapana. Ila mwanzoni mwa Septemba 1960, Simi-Simi, uwanja wa Stanleyville (Kisangani ya leo), ulikaribia.

Jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga tarehe 11 Julai, Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji ikafuata Agosti. Waziri Mkuu Lumumba aliutaka Umoja wa Mataifa umsaidie kuirudisha Katanga, Katibu Mkuu wake Hammarskjöld akakataa. Lumumba akageukia Moscow. Zikaja Ilyushin-14 zipatazo kumi, marubani wao ndani. Hazikuwa ndege za kutisha: injini mbili za rafadha, nafasi ya watu thelathini hivi. Lakini toka Stanleyville hadi Bakwanga, kule Kasai ya Kusini alikotaka kupeleka askari, ni zaidi ya kilomita 700 angani, na anayejua barabara zetu anaelewa maana ya kuvuka pori hilo kwa saa chache. Tena Stanleyville ilikuwa ngome ya Lumumba. Huko alifanya kazi posta, huko chama chake cha MNC kilikuwa na mizizi.

Wengine husimulia habari hii kama sinema ya ushujaa. Mimi siwezi. Askari wa serikali waliotangulia Bakwanga mwishoni mwa Agosti hawakuwa na chakula wala mshahara. Walipora, wakaua raia wa Kiluba. Kuongeza wengine wa namna ile, kwa ndege ya yeyote yule, kulikuwa kuumwagia moto petroli.

Mambo yakaisha haraka. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba, na Andrew Cordier wa Umoja wa Mataifa akafunga viwanja vya ndege. Tarehe 14 Kanali Mobutu wa jeshi akatwaa madaraka, akaupa ubalozi wa Kisovieti saa 48. Ilyushin zikaondoka.

Desemba, Antoine Gizenga, naibu wa Lumumba, akasimamisha serikali yake palepale Stanleyville, akaomba msaada wa Moscow. Njia ilikuwa kupitia Sudan, na Khartoum haikufungua mlango. Hapo ndipo nawaambia wanafunzi waache kuhesabu ndege, wafungue ramani. Maana tarehe 24 Novemba 1964, C-130 za Marekani ziliwadondosha makomandoo wa Ubelgiji juu ya Simi-Simi ileile kuwaokoa mateka wa waasi, na hizo zilikuwa na pa kutua njia nzima: kisiwa cha Ascension kwa ruhusa ya Waingereza, kisha Kamina, kambi waliyoijenga Wabelgiji wenyewe.