Kalamu ya Mtumishi

Tunapofundishwa mageuko ya viumbe, jina huwa moja: Darwin. Mimi, mwanafunzi wa uzamili katika historia, naongeza la pili. Mwaka 1835, Darwin alikusanya ndege wadogo katika visiwa vya Galápagos, lakini wengi hakuwaandikia kisiwa walikotoka. Mwaka 1837, jijini London, John Gould alibaini kuwa ndege wale, wenye midomo tofauti tofauti, ni spishi za jamii moja. Je, bahari ndiyo iliyowatenganisha, kila kundi likabadilika kivyake kisiwani kwake? Bila kujua walikotoka, swali halijibiki. Darwin akageukia mikusanyo ya wenzake wa melini, ukiwemo ule wa mtumishi wake, Syms Covington, aliyeandika visiwa. Leo ndege hao huitwa wa Darwin. Kalamu ya mtumishi ni nadra kutajwa.