Nota ya tukio: istilahi kutoka kwa wasanii wa Fluxus

Oktoba 1962, jijini London, Alison Knowles alitengeneza saladi mbele ya watazamaji, kisha akawagawia, nao wakaila. Kilichomwongoza ni maandishi mafupi aliyoyatunga mwenyewe, yenye agizo moja: tengeneza saladi. Maandishi ya namna hii kwa Kiingereza huitwa event score. Yalikuwa chombo kikuu cha Fluxus, kundi la wasanii wa Marekani, Ulaya na Japani waliokusanywa na George Maciunas, ambao hawakukubali kuwa sanaa ina chumba chake na maisha yana chumba chake.

Kwa Kiswahili tuyaiteje? Wepesi wa kutafsiri watasema “maelekezo”. Silikubali neno hilo. Maelekezo yamo hata kwenye chupa ya dawa, na kazi yake huisha ukishapona. Event score imezaliwa katika muziki, na istilahi isiyoonyesha asili hiyo inapoteza nusu ya maana. George Brecht, mkemia aliyegeukia sanaa, alihudhuria darasa la utunzi la John Cage huko New York mwaka 1958. Cage alikuwa ameshatunga, mwaka 1952, muziki wa dakika 4 na sekunde 33 ambao mpiga piano hapigi chochote, na wasikilizaji wanabaki na sauti za ukumbi wenyewe. Brecht akaiondoa hata piano. Katika kazi yake Drip Music panahitajika maji yanayodondoka na chombo kitupu cha kuyapokea, basi. Bomba bovu linalodondokea ndoo usiku kucha linaipiga kazi hiyo barabara.

Kwa hiyo napendekeza “nota ya tukio”. Nota tunazo tayari: walimu wa kwaya wanaziandika na kuzinakili kila siku, na wanajua vizuri kwamba karatasi si wimbo, na kwamba kwaya mbili zikiimba nota zilezile hazitoi wimbo uleule. “Tukio” nalichagua badala ya “tendo” kwa sababu tendo lazima liwe na mtendaji, ilhali maji ya Brecht hayamhitaji mtu. Najua magazeti yamelizoesha neno tukio kukaa na polisi na ajali. Gharama hiyo inalipika.

Mwaka 1963 Maciunas alizichapa nota za Brecht kwenye vikadi, akavitia ndani ya sanduku liitwalo Water Yam, na akauza kwa bei nafuu. Mnunuzi hakuhitaji kipaji wala ukumbi. Alihitaji kujua kusoma tu.

Nota moja ya Brecht, ya mwaka 1961, ina neno moja: exit. Ukisema “Toka!” umemfukuza mtu. Ukisema “mlango wa kutokea” umebaki na mbao na bawaba. Lakini juu ya milango ya kumbi zetu huandikwa “Kutoka”, jina na kitenzi kwa pamoja, wala halimwamrishi mtu. Hapo Kiswahili kinaitosha nota hiyo kabisa. Onyesho likiisha, kila anayepita chini ya neno hilo ameipiga, awe ameisoma kadi au hajui kwamba ipo.