King'ang'anizi Anapochekesha

Steve Urkel hakuandikwa ili akae. Katika msimu wa kwanza wa Family Matters, kipindi cha vichekesho cha Marekani kilichoanza mwaka 1989, alikuwa mtoto wa jirani wa kupita tu, aliyemtamani Laura Winslow. Watazamaji walicheka, waandishi wakamrudisha, na hadi msimu wa tisa kijana huyo mwenye miwani mikubwa na suruali iliyopandishwa karibu na kifua alikuwa bado anaingia nyumba ya akina Winslow, Chicago, kumtangazia mapenzi binti wa watu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Laura alisema toka, waziwazi na mara nyingi, na Urkel akarudi.

Ung'ang'anizi wa aina hii ulichekesha kwingine pia. Uingereza walikuwa na Last of the Summer Wine (1973–2010), iliyopigwa picha Holmfirth, Yorkshire. Humo Compo, mzee asiye na kazi, mwenye nguo chakavu na buti za mpira, anamtamani jirani yake Nora Batty, mke wa mtu, pamoja na soksi zake ndefu zilizokunjamana. Meksiko ya miaka ya 1970 walikuwa na El Chavo del Ocho, ambamo mambo yamegeuzwa: mwanamke, Doña Clotilde wa chumba namba 71, ndiye anayemwandama mwanamume, mjane Don Ramón.

Wote watatu wanafanana kwa jambo moja: hawana nguvu. Urkel ni mtoto wa kuchekwa shuleni, Compo ni fukara, na Doña Clotilde ni mwanamke wa makamo ambaye watoto wa uani humwita mchawi. Mwandishi amewanyang'anya uwezo wa kudhuru ili tucheke bila wasiwasi. Ua lile la Meksiko lina pia Señor Barriga, mwenye nyumba, anayemdai Don Ramón kodi ya miezi kumi na minne. Tumpe yeye mapenzi hayo, na mdaiwa awe mwanamke. Maneno hayahitaji kubadilika, lakini kicheko kitakauka, kwa sababu anayekataa sasa anaweza kulala nje.

Basi udhaifu wa anayetaka ndio unaozaa kicheko. Tofauti za mila hizi zinaonekana pale hadithi inapokutana na kukataliwa.

Meksiko, shabaha ya mzaha ni mwanamke mwenyewe. Don Ramón anajikunyata na kutafuta pa kutokea, nasi tunacheka kwamba mtu wa umri ule bado anathubutu kupenda. Katika ua huohuo Profesor Jirafales humletea Doña Florinda maua, naye humkaribisha kikombe cha kahawa. Hao wawili wanapendana na wanachekwa pia, lakini kwa upole. Doña Clotilde anachekwa kwa ukali zaidi, ingawa kosa lake kubwa ni kupenda akiwa peke yake na umri umesonga.

Uingereza, hapana inabaki hapana. Roy Clarke, aliyeandika kipindi chote, alimpa Nora ulimi mkali na ufagio, na nusu ya kicheko ni ya ufagio huo. Bill Owen, aliyemwigiza Compo, alifariki mwaka 1999. Mwaka uliofuata Compo naye akazikwa ndani ya hadithi, na Nora hakuwahi kuwa wake. Hata hivyo Nora analipa gharama yake: ili kipindi kiendelee, lazima asumbuliwe upya na akatae upya, na mumewe mpole, Wally, si wa kumtegemea.

Marekani wakachagua mvumilivu hula mbivu. Urkel mvumbuzi anatengeneza mashine inayomgeuza kuwa Stefan, mtanashati ambaye Laura anampenda mara moja. Kisha, kipindi kilipokuwa kinaelekea mwisho mwaka 1998, Laura anamwacha Stefan na kukubali posa ya Steve. Mtetezi wa kipindi atasema Steve alikua, aliikirimu familia ile, na urafiki wao ulikuwa wa kweli. Ni kweli. Tatizo ni kwamba hadithi haitenganishi urafiki na usumbufu: vyote viwili vinalipwa kwa pete moja, na kila hapana ya Laura, ukiitazama kutoka mwisho, inakuwa ndiyo iliyochelewa. Methali ile ni ya tunda, na tunda halina kauli.

Anayekifichua kipindi hiki ni Myra Monkhouse, msichana aliyempenda Steve jinsi Steve alivyompenda Laura. Alipoachwa hakukubali, akawa anamfuatilia na kumpeleleza. Hapo ndipo waandishi walipogundua kuwa jambo hili linatisha, wakamchora kama mtu aliyerukwa na akili. Steve alikuwa amekataa kukubali jibu kwa miaka mingi, akaitwa mwenye moyo wa dhahabu.

Hukumu hizo mbili haziwezi kukaa pamoja. Kama mapenzi ya Myra ni maradhi, basi ya Steve yalistahili angalau kikao kimoja cha kuambiwa basi. Kama ya Steve ni uaminifu, Myra alidhulumiwa. Kati ya waandishi hawa, Clarke peke yake ndiye aliyeweza kumpenda king'ang'anizi wake, akamliza mtazamaji kwa kifo chake, na bado asimlipe kwa moyo wa mwanamke aliyekwisha kukataa.