Boksi Linasema Lumeni 9,000, Ukuta Unasema Giza: Soma Hii Kabla Hujanunua Projekta ya Kibanda cha Mpira

Umechanga doh na wasee wako. Mmepata kibanda cha makuti hapo Ukunda ama Msambweni, viti vya plastiki viko, dekoda iko. Imebaki projekta tu. Unaingia mtandaoni, unapata moja ndogo nyeupe, bei ni ya kutupa na boksi limeandikwa lumeni 9,000. Buda, usitume hiyo pesa bado.

Naongea kama mtu aliyechomeka. Nilipoacha koleji, mimi na mabeshte wawili tulinunua moja kama hiyo. Usiku chumbani ilikuwa moto. Jumamosi ya kwanza, mechi ya saa nane na nusu mchana, watu wameshalipa bob 30 kila mmoja, ukuta ukabaki mweupe pe. Mpira tuliusikia, hatukuuona. Tulirudisha pesa za watu, na mwezi haukuisha kabla ya kufunga kibanda. Hakuna aliyekuwa ametuambia LCD inafanya nini na mwanga. Acha nikuambie wewe.

LCD haitoi mwanga, inauzuia

Paneli ya LCD ni kioo chembamba chenye madirisha madogo sana, yaani pikseli. Nyuma yake kuna taa kali. Stima inaambia kila pikseli ifunguke ama ijifunge, kama pazia, na mwanga unaoponyoka ndio unapita kwa lenzi hadi ukutani. Kwa hivyo kuna maswali mawili: taa ina nguvu gani, na paneli inakula mwanga kiasi gani?

Paneli moja ama tatu?

Projekta nyingi za bei ya chini zina paneli moja. Kila pikseli imegawanywa mara tatu: nyekundu, kijani na bluu, kila sehemu na kichujio chake. Kichujio cha kijani kinapitisha kijani na kumeza rangi zingine. Hapo peke yake, karibu thuluthi mbili ya mwanga imeenda. Tena LCD inahitaji mwanga unaotikisika upande mmoja tu, na kuunyoosha hivyo kunaweza kukata karibu nusu nyingine. Kinachofika ukutani ni makombo.

Zile za paneli tatu, zilizoandikwa 3LCD, ni mambo mengine. Ndani kuna vioo maalum vinavyogawa mwanga wa taa kuwa rangi tatu. Kila rangi inaenda kwa paneli yake, kisha prizimu inaziunganisha kabla ya lenzi. Rangi inagawanywa badala ya kutupwa. Epson walitoa projekta yao ya kwanza ya hivi, VPJ-700, mwaka 1989, na mpaka leo mpango ni huo huo.

Mpinzani wao ni DLP, yenye chipu ya vioo vidogo sana iliyobuniwa Texas Instruments mwaka 1987. Nyeusi yake mara nyingi imekolea kuliko ya LCD. Lakini nyingi zina gurudumu la rangi linalozunguka, na zingine huongezewa kipande cheupe ili namba ya lumeni ipande. Nyeupe inang'aa, lakini nyasi za uwanja na jezi nyekundu zinafifia. Kwa mpira, hiyo unaiona haraka.

Hesabu ya lumeni

Tafuta neno "ANSI" ama "ISO 21118". Lumeni za ANSI hupimwa sehemu tisa za picha, kisha wastani unachukuliwa. Namba isiyo na hayo maneno muuzaji anaweza kuandika vile anajiskia.

Sasa piga hesabu. Picha ya inchi 100 ina ukubwa wa karibu mita mraba 2.75. Projekta ya lumeni 200 za kweli inakupa kama lumeni 73 kwa kila mita mraba. Ya 3,000 inakupa kama 1,090. Ofisi yenye taa za kawaida tayari ina kati ya 300 na 500. Kivuli cha makuti kilicho wazi mchana, na ule mchanga mweupe wa Diani unarudisha jua, kinaweza kufika maelfu. Umeona vile tulipotea?

Na usidanganyike na ukubwa. Ukitoka inchi 100 kwenda 200, eneo linakuwa mara nne, kwa hivyo mwangaza unabaki robo.

Picha safi ni zaidi ya mwangaza

Projekta haiwezi kurusha mwanga mweusi. Nyeusi ni sehemu ya ukuta isiyoangaziwa. Jua likiingia, nyeusi yako inageuka kijivu na picha yote inapauka. Ndiyo maana pazia nzito la bei rahisi linaweza kukusaidia kuliko kuongeza lumeni.

Pia, "inakubali 4K" haimaanishi inaonyesha 4K. Uliza pikseli halisi za paneli. Kama ni 854 kwa 480, jina mgongoni mwa jezi utalikisia. Tafuta 1920 kwa 1080.

Kwa hali ya Pwani

Joto na vumbi ndio adui wa LCD. Joto linachosha paneli na vichujio mpaka rangi ziote madoa. Safisha kichujio cha hewa mara kwa mara, na usiweke projekta juu karibu na mabati. Stima ikipotea ghafla, ile ya taa ya kawaida inakosa feni ya kuipoza, kwa hivyo tafuta UPS. Taa hizo huchoka baada ya saa elfu chache. Ya leza huenda kama 20,000.

Kabla ya kulipa

1. Omba iwashwe mchana, mlango wazi.
2. Uliza: paneli ngapi, pikseli halisi ngapi, lumeni za ANSI ngapi?
3. Weka picha ya uwanja, angalia kijani na nyekundu, usiangalie nyeupe peke yake.
4. Uliza taa ya kubadilisha ni pesa ngapi na inapatikana wapi.

Na kama kibanda chako kiko wazi na unategemea mechi za mchana, nakuambia ukweli: nunua TV kubwa, projekta iwe ya usiku. Afadhali inchi 55 zinazoonekana kuliko inchi 150 za kuhadithiwa. Pesa ya chama hairudi kirahisi, mimi najua.