Akina Mama wa Buyenzi na Kodi Iliyowavunjia Heshima



Siku moja baada ya darasa la Alasiri, mwanafunzi wetu wa kike alituuliza: "Ustadh, siasa ni ya wanasiasa. Sisi wengine kazi yetu ni ipi, kupiga kura na kurudi nyumbani?" Tukamjibu haraka haraka, kama tufanyavyo walimu tukichoka, kwamba kura ni amana. Jibu si baya, lakini lilikuwa fupi mno. Usiku tukajilaumu kwa nini hatukumpa kisa kilichotokea mitaa michache tu kutoka kwao, kilichofanywa na watu wasiokuwa na cheo chochote. Basi tunakiandika hapa.

Kwa wenzetu wa Tanzania, Kenya na Kongo msioujua, Buyenzi ni mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili hapa Bujumbura, mji ulioitwa Usumbura zamani. Wazee wake wengi asili yao ni Ujiji, Umanyema na pande nyingine za ziwa. Wabelgiji waliiteka nchi hii kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na kuanzia 1946 waliitawala Ruanda-Urundi chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Watu wa Buyenzi hawakuwa chini ya machifu. Serikali iliwahesabu kuwa ni watu walio nje ya mila, ikawaweka chini ya usimamizi wa mji. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo watoto wengi wa Kiislamu hawakusoma, na asiyesoma hakupata kazi ya ofisini. Wakabaki na biashara, ushonaji, udereva na uvuvi. Ni watu ambao mtawala hakutarajia wamsumbue.

Sasa tuje kwenye kodi yenyewe. Katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, Wabelgiji waliwatoza kodi wanawake ambao kwa lugha ya sheria yao waliitwa wanawake wanaoishi peke yao "kwa nadharia". Tafadhali msomaji yatazame maneno hayo mawili. Kwa nadharia! Maana yake karani wa kodi hakuhitaji kujua mama huyu anaishi na nani. Mjane aliyekaa na wanawe aliingizwa humo. Mwanamke aliyeachika akarudi kwa kaka yake aliingizwa humo. Hata mke wa pili, mwenye mume, walii, mahari na mashahidi, aliandikwa kuwa hana mume, kwa sababu serikali ilimtambua mke mmoja tu. Mwaka 1950 Ubelgiji ulikuwa umetoa dikrii ya kupiga marufuku ndoa mpya za mitala katika Kongo, na maofisa wakaanza kusema kuna "mitala iliyojificha" ambayo lazima isakwe.

Mjini watu waliitafsiri kodi hiyo kwa namna moja tu, nasi tunaomba radhi kuliandika neno hili kwenye ukurasa wa familia: waliiona kuwa ni kodi ya malaya. Anayetozwa ndiye huyo. Wazazi watakaowasomea watoto makala haya wanajua uzito wake katika dini yetu, kwamba kumsingizia zinaa mwanamke anayejihifadhi ni katika madhambi makubwa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, nguo zake zinajulikana, mwendo wake unajulikana, jirani wote wanamstahi. Kisha anakuja mtu na daftari anamwandika katika orodha ile. Fedha ilikuwa mzigo, bila shaka, lakini tunavyoona sisi jambo kubwa lilikuwa jina.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1950 akina mama wa Buyenzi wakaasi. Walikataa kodi hiyo. Hawakuwa na chama wala mbunge, kwani bunge halikuwapo, na kura hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni ujirani: wanawake wanaojuana kwa majina, wanaokutana msibani, harusini na kwenye maulidi, na ambao neno likisemwa kwa mmoja asubuhi limewafikia wote kabla ya Adhuhuri. Wanahistoria waliokuja kuandika habari hii waliiita uasi wa wanawake dhidi ya kodi, nasi tunaona jina hilo linastahili. Kinachotuuma ni kwamba sisi wenyewe tulisoma habari za Mwanamfalme Rwagasore tangu utotoni, lakini habari hii hatukufundishwa na mtu.

Na Rwagasore mwenyewe huwezi kumwelewa vizuri bila mitaa kama Buyenzi. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na wachuuzi wa Usumbura walikuwa humo. Ushirika ulielemewa na madeni na haukudumu. Hilo tuliseme wazi, maana watu hupenda kusimulia ushindi tu. Lakini wale waliokutana kwa ajili ya bidhaa walikuwa wameshazoea kukaa kikao. Chama cha Uprona kilipoanza, Waswahili wa mjini walikuwa miongoni mwa waungaji mkono wake wa mwanzo. Ng'ambo ya ziwa TANU ilikuwa imeshika kasi, Bibi Titi Mohamed akiwaingiza wanawake chamani tangu 1955, na habari zilivuka maji kwa Kiswahili bila kuhitaji mkalimani. TANU iliisaidia Uprona, na Nyerere na Rwagasore walikuwa marafiki.

Novemba 1960 ulifanyika uchaguzi wa wilaya ndogondogo, wanaume peke yao wakipiga kura. Rwagasore alikuwa amewekwa kizuizini, na Uprona ikashindwa. Umoja wa Mataifa ukadai uchaguzi wa watu wazima wote. Ulipofika uchaguzi wa Bunge, tarehe 18 Septemba 1961, wanawake nao walipiga kura, na Uprona ikapata viti 58 kati ya 64. Hatusemi akina mama wa Buyenzi peke yao ndio walioleta ushindi huo, hiyo itakuwa chumvi. Tunasema kwamba mwanamke aliyeandikwa kwenye daftari la kodi kuwa anaishi peke yake "kwa nadharia", miaka michache baadaye aliandikwa kwenye daftari la wapiga kura kwa jina lake, na safari hii alikwenda mwenyewe.

Furaha haikudumu. Tarehe 13 Oktoba 1961 Rwagasore, aliyekuwa Waziri Mkuu kwa wiki mbili hivi, alipigwa risasi akiwa mgahawani kando ya ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Wabelgiji waliondoka 1 Julai 1962, na yaliyoipata nchi yetu baada ya hapo mnayajua, hatutayaingiza katika makala haya.

Tukirudi kwa mwanafunzi wetu, tulimsimulia kisa hiki na tukamtuma akamuulize bibi yake. Alirudi Jumamosi. Alisema bibi alinyamaza kwanza, kisha akamwambia kuwa kodi ile kwao haikutajwa mbele ya watoto, na kwamba shangazi yake, mjane wa mvuvi, alikuwa mmoja wa waliokataa kulipa. Jina la shangazi huyo sasa limo katika daftari la madrasa, ukurasa wa kwanza. Wenye wazee wa umri huo majumbani, tunawaomba muwaulize wangali na nguvu za kusimulia, na mtuletee majina.

Wabillahi tawfiq.