Mtoto Mmoja na Ofisi Nyingi

Tarehe 10 Novemba 1981, Rais Ronald Reagan wa Marekani alizungumza na waandishi wa habari, na katikati ya mambo ya nchi akataja habari za mtoto wa miaka mitatu aliyelazwa hospitalini katika jimbo la Iowa. Mtoto huyo ni Katie Beckett wa mji wa Cedar Rapids. Alizaliwa mwaka 1978 akiwa mzima, lakini kabla ya kutimiza nusu mwaka akapata maambukizi ya ubongo. Alipooza, akawa hawezi kupumua bila msaada wa mashine.

Baadaye alipata nafuu, hata madaktari wakaona anaweza kutunzwa nyumbani akiwa na mashine yake. Wazazi wake, Julie na Mark, walimtaka nyumbani. Gharama ya kumtunza huko ilikadiriwa kuwa kama moja ya sita ya gharama ya hospitali. Lakini bima ya wazazi ilikuwa imefika kikomo, na aliyelipa sasa ni Medicaid, mfuko wa serikali unaogharamia matibabu ya watu wa kipato kidogo. Kwa kanuni za wakati ule, mtoto aliyelazwa muda mrefu alihesabiwa peke yake, na kwa kuwa hana kipato, alilipiwa. Akirudi nyumbani, kipato cha baba na mama kilihesabiwa kuwa chake. Wazazi wa Katie hawakuwa matajiri, ila walipita kiwango kilichowekwa. Hivyo fedha ya umma ilitumika mara sita zaidi ili mtoto alale mbali na mama yake.

Tukisoma habari hii haraka tutatafuta mtu mbaya, na hatutampata. Hospitali ilimtibu vizuri. Mfuko ulilipa kama sheria ilivyosema. Kila ofisi ilikuwa na daftari lake, na daftari lilikuwa safi. Kosa lilikaa katikati ya ofisi na ofisi, mahali ambapo hakuna aliyeajiriwa kupaangalia. Hapa tunakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, na hatusomi popote kwamba mtu alisimama akasema wasipewe. Mkate ulikuwepo. Mitume hawakujibu kwa kuhimiza watu wapendane zaidi, bali waliagiza wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Tunaposema diakonia tunafikiri upesi juu ya moyo wa huruma. Sura ile inazungumza pia juu ya mpangilio wa kazi.

Serikali ilitoa ruhusa ya pekee, na Katie akawa nyumbani kabla ya Krismasi ya mwaka ule. Mwaka 1982 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachoruhusu jimbo kutohesabu kipato cha wazazi, iwapo mtoto anahitaji uangalizi wa kiwango cha hospitali na kumtunza nyumbani hakuzidi gharama ya kumlaza. Majimbo yaliruhusiwa, hayakulazimishwa.

Ila mlango wa malipo ulikuwa mmoja tu kati ya mingi. Mtoto wa namna hii anahitaji fundi wa mashine, wauguzi wa zamu, mtaalamu wa viungo, daktari wa mapafu, mwalimu anayejua la kufanya mashine ikilia. Nani anawaunganisha hawa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mama, bila mshahara na bila mamlaka yoyote. Mama wa sharika zetu mwenye mtoto wa mgongo wazi au kichwa kikubwa anaijua kazi hiyo: amebeba faili kwenye mfuko wa plastiki, na kila mlango anasimulia upya tangu siku ya kuzaliwa.

Aliyeliona jambo hili mapema ni C. Everett Koop, bingwa wa upasuaji wa watoto aliyefanya kazi zaidi ya miaka 30 huko Philadelphia, Mkristo asiyeficha imani yake. Akiwa Mganga Mkuu wa Serikali, Desemba 1982 aliitisha mkutano kuhusu watoto wanaotegemea mashine za kupumulia. Mwaka 1987 alitoa wito kwamba huduma ya watoto hawa iizingatie familia, iwe karibu na wanapoishi, tena iwe imeunganishwa. Mwaka 1989 maneno hayo yaliingia katika sheria. Majimbo yalitakiwa kutenga walau asilimia 30 ya fedha za afya ya mama na mtoto kwa ajili ya watoto wenye mahitaji ya pekee, na kuendeleza huduma za aina hiyo. Kuunganisha huduma kukawa kazi yenye bajeti.

Sisi Walutheri tumefundishwa kwamba wito hauko madhabahuni peke yake. Karani anayeinua simu kuuliza ofisi ya pili kama barua imefika anamtumikia jirani yake sawasawa na muuguzi. Sharika zetu hutoa sadaka ya kiti cha magurudumu kwa furaha, na tunashukuru. Lakini katika kamati ya diakonia, ni nani anayejua tarehe ya kliniki ya mtoto yule, na nani atamsindikiza mama yake siku hospitali na shule zinapotoa maelekezo yanayopingana? Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji jina la mtu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Julie Beckett na wazazi wengine walianzisha mtandao wa familia uitwao Family Voices, wakasaidiana kupita katika ofisi hizo. Katie alisoma, akahitimu chuo cha Mount Mercy katika mji wake, akafariki Mei 2012 akiwa na miaka 34. Wazazi wa Georgia na Wisconsin bado wanajaza fomu za mpango wenye jina lake, na huenda wengi wao hawajui kwamba lilikuwa jina la mtoto.