Sintesaiza mseto

Sintesaiza mseto ni ala ya muziki ya kielektroniki inayotengeneza sauti kwa kuunganisha njia mbili: njia ya kidijitali, ambamo sauti huhesabiwa kama namba, na njia ya analogi, ambamo sauti ni umeme unaopanda na kushuka ndani ya saketi. Mara nyingi mawimbi ya sauti huzalishwa na chipu ya kidijitali, kisha hupitishwa kwenye kichujio na kikuza sauti cha analogi kabla ya kufika kwenye spika. Ala za aina hii zilienea katika miaka ya 1980, zikakaribia kutoweka mwishoni mwa muongo huo, halafu zikarudi sokoni katika karne ya 21.

Katika Afrika ya Mashariki watu wengi huita ala zote zenye vibao na umeme "kinanda". Hata hivyo kuna tofauti. Kinanda cha kawaida cha bendi au kanisa hutoa sauti zilizokwisha tengenezwa kiwandani, kama vile piano, fidla, tarumbeta na ngoma. Sintesaiza humpa mpigaji nafasi ya kuijenga sauti mwenyewe tangu mwanzo.

Jinsi inavyofanya kazi

Sauti ya sintesaiza mseto hupita hatua tatu kuu.

1. Kizalisha wimbi hutoa mtetemo wa msingi. Kibao cha la ya kati, kwa mfano, hutoa mitetemo 440 kwa sekunde, yaani hezi 440.
2. Kichujio hukata sehemu ya sauti hiyo, hasa masafa ya juu.
3. Kikuza sauti huamua ukubwa wa sauti tangu kibao kinapobonyezwa hadi kinapoachwa.

Katika sintesaiza ya analogi tupu hatua zote tatu ni saketi za umeme. Katika sintesaiza ya kidijitali tupu zote tatu ni hesabu za kompyuta. Katika sintesaiza mseto hatua ya kwanza huwa ya kidijitali na mbili zinazofuata huwa za analogi. Baadhi ya ala huweka vizalisha mawimbi vya aina zote mbili pamoja. Mfano ni Evolver ya mwaka 2002, iliyobuniwa na Dave Smith, yenye vizalisha mawimbi viwili vya analogi na viwili vya kidijitali.

Historia

Sintesaiza za kwanza zilizouzwa madukani, katika miaka ya 1960 na 1970, zilikuwa za analogi. Sauti yake ilisifiwa kwa unene, lakini aina za mawimbi zilikuwa chache na ala zilipoteza urari wa sauti kwa urahisi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chipu za kumbukumbu zilianza kushuka bei. Iliwezekana kuhifadhi umbo la wimbi kama orodha ya namba na kulisoma upya maelfu ya mara kwa sekunde. Lakini kuchuja sauti kwa hesabu kulihitaji kompyuta yenye nguvu kuliko chipu za bei nafuu za wakati ule. Saketi za analogi za kuchuja zilikuwa tayari zinapatikana kwa bei ndogo. Kwa hiyo mseto ulianza kama suluhisho la gharama, na sauti yake ya pekee ilikuja kama faida ya ziada.

Kati ya ala zilizojulikana ni hizi:

- PPG Wave 2.2 (1982), kutoka Hamburg, Ujerumani, iliyobuniwa na Wolfgang Palm. Mawimbi yake yalipangwa katika majedwali, na kila jedwali lilikuwa na nafasi 64.
- Korg DW-8000 (1985), kutoka Japani, yenye maumbo 16 ya mawimbi ya kidijitali, vichujio vya analogi na uwezo wa kupiga nota 8 kwa pamoja.
- Ensoniq ESQ-1 (1986), kutoka Marekani, yenye vizalisha mawimbi vitatu kwa kila nota na maumbo 32 ya kuchagua.
- Prophet VS (1986), pia kutoka Marekani, ambayo mpigaji aliweza kuchanganya mawimbi manne kwa kusukuma kijiti kimoja pande zote.

Mwaka 1988 Korg ilitoa M1, ala ya kidijitali tupu iliyobeba sauti halisi zilizorekodiwa. Wanamuziki wengi walitaka piano na fidla zilizo tayari kuliko kujenga sauti wenyewe, na mseto ukaachwa. Vinanda vingi vya bendi vya leo vinafuata njia hiyohiyo ya M1. Mseto ulirudi kwa nguvu baadaye kupitia ala kama Novation Peak (2017), Arturia MicroFreak (2019) na Korg minilogue xd (2019).

Uwezo wa sauti

Mawimbi

Saketi ya analogi hutoa kwa urahisi maumbo machache: wimbi la msumeno, la mraba, la pembetatu. Kumbukumbu ya kidijitali inaweza kubeba umbo lolote, kama vile kipande cha sauti ya ogani, cha kengele au cha irabu ya binadamu. Katika ala zenye majedwali, mpigaji anaweza kuamuru wimbi libadilike polepole kutoka umbo moja hadi lingine wakati nota ingali inalia. Hivyo sauti huanza kama kengele na kuishia kama pumzi, jambo ambalo analogi tupu haiwezi kulifanya.

Kichujio

Sauti ya kidijitali ya miaka ya 1980 ilikuwa na ukali. Kwa kuwa wimbi lilihifadhiwa kwa namba chache, umbo lake lilikuwa na ngazi ndogondogo kama za msumeno butu, na kila ngazi iliongeza mchakacho wa masafa ya juu. Kichujio cha analogi hulainisha ngazi hizo. Kile cha DW-8000 hupunguza sauti kwa desibeli 24 kwa kila oktava juu ya mpaka uliowekwa.

Kichujio kina pia kitufe cha kuongeza mlio. Kikizungushwa, masafa yaliyo karibu na mpaka husikika zaidi, na sauti hufanana na mtu anayefungua na kufunga mdomo akisema "uaa". Katika ala nyingi, kikizungushwa hadi mwisho kichujio huanza kulia chenyewe kama filimbi. Saketi ya analogi husogea bila ngazi, na ikilishwa sauti kubwa kupita kiasi hukwaruza kidogo na kuongeza unene. Hiki ndicho wapigaji wengi huita sauti yenye joto.

Mwendo wa sauti

Bahasha ya sauti ni mpangilio unaoamua jinsi sauti inavyoanza, inavyokaa na inavyokufa. Bahasha ikianza ghafla na kufa upesi hutoa sauti kama ya marimba. Ikianza polepole hutoa sauti kama ya kundi la fidla. Bahasha ya DW-8000 ilikuwa na vipimo sita, wakati ala nyingi za enzi hiyo zilikuwa na vinne. Kuna pia kiyumbishi, yaani wimbi la polepole lisilosikika lenyewe bali huyumbisha kimo cha nota au mpaka wa kichujio.

Joto na urari wa sauti

Faida moja ya mseto ina uzito wa pekee katika miji ya pwani yenye joto. Kimo cha nota katika kizalisha wimbi cha analogi hutegemea transista, na transista hubadilika kulingana na joto. Katika saketi isiyo na fidia ya joto, kila nyuzi 1 ya Selsiasi huvuta oktava kwa takriban senti 4 za muziki (nusu toni ni senti 100). Ala ikitolewa studio yenye kiyoyozi na kupelekwa kwenye jukwaa lenye joto zaidi kwa nyuzi 10, kosa katika oktava tatu hufika senti 120, yaani zaidi ya nusu toni. Watengenezaji huweka fidia kupunguza kosa hilo, lakini ala nyingi za zamani zilihitaji kurekebishwa mara kwa mara.

Kizalisha wimbi cha kidijitali huongozwa na fuwele inayotetemeka, kama ile ya saa ya mkononi, kwa hiyo nota hazihami. Kichujio cha analogi bado huathiriwa na joto, lakini sikio hugundua kwa shida badiliko dogo la kichujio, ilhali nota iliyopotoka husikika mara moja.

Nafasi yake katika muziki wa Afrika ya Mashariki

Taarab

Taarab ya Unguja, ambayo kikundi chake kikongwe Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, ilijengwa juu ya udi, ganuni, nai na fidla. Ala hizo zinaweza kupiga nota zilizo kati ya vibao vya piano, zinazohitajika katika maqamu za Kiarabu kama rasti na bayati. Kinanda kilipochukua nafasi kubwa katika taarab ya kisasa, hasa kuanzia miaka ya 1990, nota hizo zilikuwa hatarini kupotea, kwa kuwa kinanda cha kawaida hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa.

Uzalishaji wa kidijitali una jawabu. Kwa kuwa kimo cha kila nota ni namba tu, mi inaweza kushushwa kwa senti 50 bila kugusa nota nyingine. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu, kama vile Yamaha za mfululizo wa PSR-A, vina vitufe vya kazi hiyo. Baadhi ya sintesaiza mseto, ikiwemo minilogue xd, pia huruhusu mpigaji kuweka mizani yake mwenyewe.

Mchiriku

Mchiriku, uitwao pia mnanda, ni muziki wa mitaa ya Dar es Salaam uliotokana na ngoma za Wazaramo. Kikundi maarufu ni Jagwa Music, ambacho albamu yake Bongo Hotheads ilitolewa na Crammed Discs mwaka 2012. Chombo chake cha kuongoza ni kinanda kidogo cha Casio kinachopitishwa kwenye vikuza sauti vilivyosukumwa hadi kukwaruza.

Kinanda hicho hakihesabiwi kuwa sintesaiza mseto. Hata hivyo njia ya sauti inafuata kanuni ileile: chanzo chembamba cha kielektroniki, kisha saketi ya analogi inayokibadilisha. Kikuza sauti kinapozidiwa hukata vilele vya wimbi, na ukataji huo huzaa masafa mapya ambayo kinanda hakikuyatoa. Nota mbili zikipigwa pamoja huzaa pia masafa ya jumla na ya tofauti yao. Ndiyo sababu Casio ndogo inaweza kujaza uwanja kwa sauti nzito. Nusu ya analogi iliyokosekana ndani ya kinanda hupatikana nje yake, kwenye kikuza sauti na spika.

Singeli

Singeli, iliyokua kutokana na mchiriku na taarab ya kisasa, hutengenezwa zaidi kwa kompyuta. Albamu ya Sounds of Sisso (2017), iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliijulisha nje kazi ya studio ya Sisso iliyopo Mburahati. Mwendo wa singeli hupita midundo 200 kwa dakika, na wakati mwingine hufika 300.

Kipande cha muziki kikiharakishwa bila marekebisho mengine, kimo chake hupanda pia. Mwendo ukizidishwa mara 1.5 nota hupanda kwa nusu toni 7. Ukizidishwa mara 2 hupanda oktava nzima. Mashine za mseto za kunasa sauti, kama Ensoniq Mirage na E-mu SP-1200 (1987), zilifanya kazi hiyohiyo kisha zikapitisha sauti kwenye vichujio vya analogi. SP-1200 ilikuwa na nafasi ya takriban sekunde 10 tu. Watumiaji walinasa santuri kwa mwendo wa haraka, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine, ili kuokoa nafasi.

Kuitambua sokoni

Kariakoo na kata jirani ya Mchafukoge, katikati ya Dar es Salaam, ni kitovu cha biashara ya jumla na rejareja, vikiwemo vifaa vya umeme na vya muziki. Vinanda vingi vinavyopatikana katika soko la namna hiyo ni vya kidijitali tupu. Neno "analogi" likiandikwa kwenye boksi halitoshi kuthibitisha, kwa sababu ala nyingi huiga sauti ya analogi kwa hesabu. Mambo yafuatayo humsaidia mnunuzi:

- Kitabu cha maelezo hutaja wazi kama kichujio ni cha analogi au cha kuigizwa.
- Idadi ya nota zinazolia pamoja huwa ndogo, mara nyingi 4 hadi 16, kwa kuwa kila nota huhitaji saketi yake. Kinanda cha kidijitali huwa na 32, 64 au zaidi.
- Kwa kawaida mseto hauna midundo ya kusindikiza wala spika za ndani.
- Ala ya zamani iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 bila transfoma inaweza kuungua.
- Ala za miaka ya 1980 hutunza sauti zilizopangwa kwa betri ndogo ya ndani. Betri ikiisha, sauti hizo hufutika, ingawa nyingine zinaweza kurudishwa kutoka kwenye kaseti.

Mipaka

Sintesaiza mseto haifai kila kazi. Haiigi vizuri piano au fidla halisi, na mpigaji wa sherehe au ibada anayehitaji sauti nyingi zilizo tayari huhudumiwa vyema zaidi na kinanda cha kawaida. Chipu za vichujio za ala za zamani hazipatikani kwa urahisi, hivyo matengenezo ni ya gharama. Tena tofauti kati ya kichujio cha analogi na kilichoigizwa imepungua sana kadiri kompyuta zilivyoongezeka nguvu. Thamani kubwa ya mseto imebaki kwa mwanamuziki anayetafuta sauti ambayo haijawekwa tayari na kiwanda.